Sauti Iliyonyooshwa

Basi huyu dada, mtaani wote wanamwita Masikio, ni fundi wa sauti kwenye studio moja ya uchochoroni, chumba kimebandikwa trei za mayai ukutani mpaka darini. Mtu akiimbia puani, yeye anamtoa puani. Mtu akipotea noti, anaikamata kwenye kompyuta, anainyoosha kama shati. Na nyimbo zilizorekodiwa jukwaani alikuwa hazitaki kabisa. "Unasikiliza muziki au unasikiliza watu wanakohoa?" ndivyo alivyozoea kusema.

Mama yake sasa, kinyume kabisa. Ni fundi cherehani, lakini zamani alikuwa mwimbaji wa bendi. Bendi ilipokwenda studio kurekodi, alikuwa na mimba ya huyu huyu Masikio, tumbo linafika mlangoni kabla yake. Kiongozi akasema anahema mno, akaletwa mwanamke mwingine, akaimba yeye. Huyo ndiye anayesikika redioni mpaka leo. Sauti ya mama ilibaki kwenye kanda moja tu, iliyorekodiwa ukumbini. Mwaka jana akapasuliwa koo, na sasa anaongea kwa kunong'ona. Kwa hiyo kanda ile ndiyo sauti yenyewe, hakuna nyingine.

Wiki iliyopita akamkabidhi bintiye. "Nisafishie hii, mwanangu. Imeshika ukungu."

Jamani, neno moja tu. Mama alikuwa anasema ukungu wa kwenye utepe tu. Kwa Masikio, kusafisha ni kusafisha.

Akaiingiza kanda kwenye kompyuta. Ilipofika mwisho redio ya kaseti ikaitafuna, ikatoka vipande vipande. Hakushtuka, si ameshaiingiza? Akakaa nayo siku tatu. Akatoa vikohozi, akatoa viti vinavyoburuzwa, akatoa watu wanaopayuka. Mama ile noti ya juu alikuwa anaifikia kwa kuchelewa, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani, Masikio akaiwahisha. Sauti ilipokwaruza, akalainisha. Na kila akimaliza anahifadhi palepale, juu ya faili lilelile.

Jumamosi asubuhi akaipeleka nyumbani. Kaka yake alikuwepo, amejilaza kwenye kochi.

"Leo tunamsikia bi mkubwa," kaka akasema. "Mama, ukianza kuringa, mimi nahama."

Mama akasimamisha cherehani. Wimbo ukaanza, umetakata, hauna hata vumbi.

"Hee! Utadhani ya redioni," kaka akasema. Masikio akachekelea.

Mama alisikiliza ubeti mmoja, akainua mkono. "Huyu ni yule mwingine," akanong'ona.

"Mama, ni wewe!"

"Najua ninavyoimba. Pale juu sijawahi kufika mapema hata siku moja. Na watu wangu wako wapi? Ukumbi mzima ulikuwa unaniita: 'Taratibu, dada! Taratibu!'"

Masikio akawakumbuka. Watu hao aliwasikia vizuri sana. Aliwafuta mmoja mmoja, huku anawasonya.

"Haya, niwekee ile ya mwanzo," mama akasema.

Angeweza kudanganya, aseme ameisahau studio. Ulimi ukakataa. "Haipo, mama. Kanda imetafunwa. Na ya kwenye kompyuta nimehifadhi hii juu yake."

"Wewe!" Kaka akaketi wima. "Umefuta?"

"Lakini kelele naweza kuzirudisha," Masikio akasema harakaharaka. "Studio tuna makofi, tuna vigelegele, kila kitu. Nachanganya tu, hata hutajua."

"Makofi ya nani?" mama akauliza.

Hapo hata kaka, mwenye utani wa kila kitu, akatazama miguu yake.

"Wale wa bendi walinitoa mara ya kwanza," mama akasema. "Nikasema sawa, napata mtoto."

Masikio akazima wimbo. Akaenda akaketi karibu na cherehani.

"Sikiliza," mama akamwambia. "Ilikuwa hivi."

Akafungua mdomo, kidole kinapanda polepole, kinachelewa, kinapanda tena. Ikatoka pumzi tupu. Akameza mate, akaanza upya.