Ukoko wa Kerron

Simu ya Eutrice Joefield iliibwa sokoni San Fernando, kisiwani Trinidad, na mwizi wala hakujua kaiba nini. Ndani yake mlikuwa na kila neno Kerron alilowahi kumwandikia mama yake, na Kerron mwenyewe alikuwa kaburini tangu lori la lami lilipopinduka naye huko La Brea. Mama wa watu alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akamkumbuka Shivana.

Shivana Ramsaroop alikuwa binti wa chuo kikuu. Mwaka juzi alifika kibandani kwa Eutrice, panapouzwa mikate ya kukaanga na samaki wa chumvi, akaomba watu wampe ujumbe wa simu zao. Alitaka kujua Watrinidad wanavyokipanga Kiingereza chao pale ambapo hakuna mwalimu wa kuwasahihisha: wanavyoomba, wanavyokataa, wanavyotishana. Kerron alicheka akasema, "Mpe, mama. Ajifunze unavyonitukana bila kuweka nukta." Eutrice alikubali kwa sharti moja. Alimwapisha yule binti kwamba mtu yeyote asije akajua maneno yapi ni yao, maana mambo ya nyumbani kwake si ya kutembezwa mitaani.

Basi sasa alivaa gauni la kanisani, akafunga mikate kwenye karatasi, akaenda chuoni.

"Maneno yake yapo, tanti," Shivana alisema baada ya kusikia yote, akimwita shangazi kama vijana wa huko wanavyowaita mama wa makamo. Eutrice akamshukuru Mungu papo hapo. Lakini yule binti hakuinua macho. "Yapo, ila sijui ni yapi."

Akaeleza polepole. Majina yalikwisha kufutwa. Ujumbe wote ulikatwa sentensi moja moja, ukachanganywa na wa maelfu ya watu wa kisiwa kizima, na sentensi zenye umbo moja zikawekwa pamoja, maombi na maombi, visingizio na visingizio. Karatasi pekee iliyoonyesha nani aliandika nini alikwisha kuichoma.

"Nani alikutuma uchome?"

"Wewe, tanti. Uliniapisha."

Ilikuwa kweli, na kweli yenyewe haikumsaidia chochote.

Shivana akaandika kwenye kompyuta neno "niwekee," na mistari ikamiminika, neno hilo limepangana katikati kama vifungo vya shati. Mama niwekee chakula. Niwekee kidogo nachelewa. Watoto wa kisiwa kizima walikuwa wamechelewa, na wote walikuwa na njaa.

Hapo Eutrice akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alikuwa na dawa yake. "Tafuta ukoko," alisema. "Nikipika pelau, ule wali ulioshika chini ya sufuria ni wake. Nani mwingine atakaa aandike habari za ukoko? Mwanangu tu, mroho yule."

Shivana alisita, kidole kikabaki hewani. Kisha akaandika, na kioo kikajaa tena. Mama usimpe mtu ukoko. Ukoko wangu usiguswe. Nani kala ukoko.

"Wote hawa?"

"Wote, tanti."

Eutrice akaitazama mikate, bado imo mapajani. "Kumbe hata kwa uroho hakuwa peke yake," alisema. Shivana, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuonyesha jinsi watu wanavyofanana wanapoandika, aliona aibu ya kazi hiyo. Akamchapia kurasa zote.

Nyumbani Eutrice aliketi jikoni akaanza kuzisoma kwa sauti ya Kerron, ile ya kuburuta, yenye kicheko mwishoni. Mstari wa kwanza ulimkaa Kerron sawasawa. Wa pili pia ukamkaa. Laiti mmoja ungekataa, angeutupa, lakini hakuna uliokataa, naye akaendelea kuwavika watoto wa wenzake sauti ya mwanawe, ikilegea kila ukurasa kama mpira wa suruali kuukuu. Alipofika mwisho ilikuwa sauti ya kijana yeyote tu anayedai chakula.

Akashikwa na hofu. Akarudi ukurasa wa kwanza kuitafuta sauti ya Kerron, akasoma taratibu, na hakusikia mtu.