Majani Hayajashonana

Nsajigwa alikuwa fundi vioo, na kwa miaka mingi kazi hiyo haikuwa na vioo. Dirisha likivunjika Tukuyu, mwenye nyumba alipigilia ubao au kipande cha bati, akasubiri neema. Halafu biashara zikafunguliwa. Malori yakaanza kuingia kutoka Tunduma na kila kitu, vioo vya madirisha vikiwamo, na watu waliokuwa wakiishi nyuma ya mbao wakataka mwanga ndani. Nsajigwa akawa mtu wa kutafutwa. Mkewe, Monica, alikuwa akimtania kwamba ameufumbua macho mji mzima, ila chumba chao wenyewe pale Bulyaga bado kinatazama ukuta wa jirani.

Ilikuwa kweli. Na ukuta huo ndio aliobaki nao Monica alipopigwa na kiharusi.

Kilimkuta asubuhi akifunga mzigo wa ndizi. Mkono na mguu wa kushoto vililegea, mdomo ukaenda upande, na maneno yakawa yanatoka moja moja, kwa kuvutwa. Hospitali walimlaza, wakamruhusu, wakasema yaliyobaki ni mazoezi na subira. Binti yao Doreen, aliyekuwa akiuza mitumba kule Bagamoyo, mtaa wa pale pale Tukuyu, alipita kila asubuhi kumwogesha mama yake kabla ya kwenda kupanga nguo. Mchana alibaki Nsajigwa, akikata vioo uani na kuingia kila mara kumgeuza mgonjwa. Monica hakulalamika. Aligeuzia uso dirishani akautazama ukuta. Na huyu alikuwa mwanamke ambaye zamani zilikuwa hazipiti siku mbili hajashuka Nkunga, kwenye mashamba ya kwao. Akifika huko, kabla ya kushika jembe, alisimama kwanza akatazama kijani mpaka macho yakashiba.

Siku moja Nsajigwa alikwenda Mbeya kufuata vioo, na katika duka la vifaa vya nyumbani akakuta sanduku la kioo limejaa maji. Samaki hakuwajali. Kilichomshika ni sakafu yake: majani mafupi yaliyoshikana, yamefunika chini kote kama uwanja uliofyekwa jana. Mwenye duka alimwambia hilo huitwa zulia. Mimea midogo hupandwa vishina vishina, kila kimoja na nafasi yake, nayo hutambaa mpaka ikakutana. Hutaka mwanga, hutaka udongo wenye rutuba uliofunikwa kwa mchanga, na hutaka hewa kama ile ya kwenye soda. Yeye aliipata kwa kuchachusha sukari na hamira kwenye chupa, kisha akaipitisha kwenye mpira wa dripu hadi majini. Nsajigwa alisimama pale akitazama mpaka nusura aachwe na basi.

Kutengeneza sanduku hakukumsumbua. Vioo alikuwa navyo, na gundi ya silikoni ilishafika madukani. Aliliunganisha, likakauka, akaliweka juu ya stuli chini ya dirisha, usawa wa macho ya mkewe, akamwambia hapo patakuwa shamba. Monica alimtazama kama mtu anayemtazama mume aliyerudi amelewa.

Kwa mara ya kwanza alipanda ukoka alioung'oa pembeni mwa uwanja wa mpira. Haukuchukua muda ukaoza. Doreen alipoingia asubuhi aliuliza kama kuna panya amefia uvunguni. Hapo Monica akacheka, kwa nusu ya mdomo, kicheko kilichotoka kama kikohozi. Nsajigwa hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu ugonjwa uingie. Akamwaga yale maji, akaanza upya siku hiyo hiyo.

Mara ya pili alichukua majani ya mtaroni na kutega chupa ya sukari na hamira kama alivyoelekezwa. Chumba kikanuka pombe. Akina mama wa kanisani walipokuja kumwombea mgonjwa walitazamana, na mmoja wao, mama Anyosisye, akaongeza ombi kwa ajili ya nyumba ambazo wanaume wamepotelea kwenye kinywaji. Blanketi la Monica lilikuwa likitikisika kwa kicheko. Lakini majani yenyewe hayakushika. Kila kukicha yalikutwa yanaelea juu, na maji yakawa ya kijani, mazito, yenye utando kwenye kioo.

Nsajigwa alikuwa akiyaopoa kwa kijiko aliposikia sauti ya mkewe.

"Unayazamisha," Monica alisema. "Kabla hayajashika."

Akamuuliza afanyeje basi. Ilichukua mchana mzima kueleza, maana alipumzika kila baada ya maneno machache, na Nsajigwa aliacha kazi zake akaketi kando ya kitanda. Monica alimweleza habari za shangazi yake aliyeolewa Kyela, kwenye mpunga. Kule hakuna anayetupa miche katika maji marefu. Huanza na tope. Mche ukishashika mizizi, ndipo maji hufuata, tena kidogo kidogo. Kisha akamweleza mahali pa kuipata mimea yenyewe. Kule Nkunga, chini ya mawe ya kufulia, kulikuwa na kijani kidogo chenye majani kama punje za dengu, ambacho watu hukikanyaga bila kukiona. Masika mto hukifunika, na ukipungua hukutwa kijani vilevile.

"Hicho kimezoea kuzama," alisema.

Nsajigwa akashuka Nkunga. Ingempasa aanzie nyumbani kwa wakwe, aketi, apewe maji ya kunywa, aulizwe habari za mjini. Lakini aliona haya kueleza alichofuata, akajiambia atachuma na kurudi haraka. Jotham, kaka mkubwa wa Monica, alikuwa akiteremsha ng'ombe kunywa maji, akamkuta shemeji yake amepiga magoti topeni, anajaza magugu kwenye kopo la rangi. Walisalimiana kwa heshima zote. Jotham aliuliza hali ya dada yake, kisha akauliza yale magugu ni ya nini. Nsajigwa akamwambia ukweli. Hata masikioni mwake mwenyewe ukweli huo haukusikika vizuri.

Aliporudi nyumbani alichekecha udongo mweusi, akaulowesha, akautandaza ndani ya sanduku na kuufunika kwa mchanga wa mto. Kwa kibano cha nyusi cha Doreen akapanda kishina kimoja kimoja, Monica akimwongoza kwa kidole cha mkono mzima: pale, hapana, sogeza, acha nafasi. Maji hawakutia. Walifunika kwa nailoni ili unyevu usitoke, wakangoja.

Jumapili Jotham akaja, yeye na mkewe Atupakisye. Wakakuta mgonjwa amelala mbele ya sanduku la tope.

Jotham hakuja kwa shari. Alisema kwao kuna dada zake Monica, kuna maziwa, kuna ua wenye jua, na kuna mikono ya kumwinua. Hapa yuko na mwanamume mmoja anayeingia na kutoka, kwenye chumba chenye baridi, na sasa shemeji yake anacheza na matope wakati mke wake hajui kama atasimama. Watu wa Nkunga walikuwa wakiuliza, naye hana cha kuwajibu. Alitaka kumchukua dada yake leo hii.

Kilichomuumiza Nsajigwa ni kwamba hakuona uongo katika maneno yale. Basi Jotham akamgeukia dada yake, akamuuliza taratibu, kwa Kinyakyusa, yeye mwenyewe anasemaje.

Monica alinyoosha kidole kulielekea sanduku.

"Majani yangu hayajashonana," alisema. "Yakishonana, nitakuja."

Jotham aliinama akatazama ndani ya sanduku. Aliona vitone vichache vya kijani juu ya mchanga. Hakuelewa, lakini dada yake alikuwa ametoa ahadi mbele ya watu, na Jotham alikuwa mtu wa kuheshimu ahadi. Walikunywa chai wakaondoka.

Mizizi ilipokwisha kushika, Nsajigwa alitia maji akiyapitisha juu ya sahani ili yasichimbe. Aliamka kesho yake akakimbilia sandukuni kabla hata ya kunawa uso. Hakuna kishina kilichoelea. Alifunga taa ya tyubu juu yake kwa ajili ya siku za ukungu, akaitega tena ile chupa, safari hii akiwa ameiweka nje ya dirisha. Majani yakaanza kutoa vipovu vidogo vilivyong'aa, kisha yakatoa mikono. Kila mkono ulitambaa upana wa ukucha, ukajishikiza, ukachipua. Konokono wawili waliokuja na mimea walilamba utando wa vioo, wakaachwa wafanye kazi yao. Yale majani yaliyorefuka Monica aliyapunguza mwenyewe kwa mkasi, mkono wa kulia ukikata, wa kushoto ukiwekwa ukingoni mwa kioo ujizoeze kushika. Mwanzoni mkono huo ulianguka kila mara. Baadaye ukawa unakaa.

Nsajigwa alifurahi, mpaka siku alipoona kwamba sehemu iliyobaki wazi si kubwa kuliko kiganja. Ahadi ikamrudia. Alimtazama mkewe aliyekuwa anahangaika na mkasi, akakiona kitanda kile kikiwa kitupu.

Tangu hapo akawa anavuta pazia saa za jua. Alijiambia mwanga mwingi huleta utando, na hilo lilikuwa kweli, ila si kweli yote. Taa nayo akawa anasahau kuiwasha. Majani yakapauka, yakaanza kurefuka kwenda juu badala ya kutambaa. Pale penye uwazi pakabaki wazi.

Monica alivumilia kwa muda. Mchana mmoja, alipomwona anashika pazia, akamwita.

"Baba Doreen. Liache."

Nsajigwa akasimama, mkono ungali kwenye kitambaa.

"Najua unachofanya," Monica alisema. "Mimi pia sitaki kukuacha. Lakini nataka kutembea. Hapa nani atanishika pande zote mbili?"

Nsajigwa alikuwa amewahi kujaribu kumsimamisha peke yake, wakaanguka wote wawili kitandani, na hawakuwahi kulizungumza. Alilifungua pazia lote, akawasha na taa, akatoka uani. Siku hiyo alivunja vioo viwili akikata.

Majani yalikutana mwishoni mwa kiangazi. Nsajigwa mwenyewe ndiye aliyepeleka habari Nkunga, na safari hii alianzia nyumbani, akaketi, akanywa maji. Jotham alikuja na pikapu ya kuazima, wakambeba Monica wakiwa wanne.

Nyumba ilikuwa kimya kama alivyoogopa Nsajigwa. Doreen alimletea chakula, akamkuta mara nyingi hajala cha jana. Lakini kila Jumapili baada ya ibada alishuka Nkunga, na aliyoyaona huko yalimfanya amshukuru shemeji yake kwa sauti, ingawa ilimgharimu. Dada wawili walimshika Monica huku na huku, wakazunguka naye ua, mwanzo nusu, baadaye wote, wakigombana juu ya nani anamvuta vibaya. Uso wake ulikuwa umepata rangi. Wiki moja alimkuta amesimama peke yake, ameegemea nguzo ya zizi, anaamrisha watoto wa ndugu zake mahali pa kufunga ndama. Mkono wa kushoto haukurudi wote. Vidole viwili vilibaki vimekunjika mpaka mwisho wa maisha yake.

Alirudi Bulyaga mvua zilipokuwa zimeshika. Gari lilipofika mwanzo wa mtaa, Monica alimwambia kaka yake asimamishe. Alitaka kushukia pale. Jotham alibisha, akaonyesha mvua na matope, ikawa kazi bure. Nsajigwa alikuja mbio na mwavuli, akachukua mfuko wake, wakaanza kupanda pamoja, yeye Monica akitanguliza fimbo, kisha mguu mzima, kisha ule mwingine.

Safari ya hatua chache ilichukua muda mrefu, maana kila nyumba ilitoa mtu wa kusalimia. Mama Anyosisye alitoka na khanga kichwani, akamshika mikono, akalia kidogo. Monica aliwajibu wote, akiwauliza nao habari za watoto na za shamba, bila haraka, na maneno yake yalikuwa yakitoka mawili matatu kwa pamoja. Nsajigwa alikuwa ameloa upande mzima, kwa kuwa mwavuli aliuelekeza kwa mkewe. Nyuma yao Jotham aliwafuata na pikapu taratibu, hakupiga honi hata mara moja, mpaka walipofika mlangoni.