Gogo la Watu Wanane

Siku ya tatu baada ya ghala la magodoro kuungua, Waruguru alitoka mtaa wa Landless, Thika, na Njambi, mke wa mwanawe Ndung'u, kibarua wa ghala hilo asiyerudi nyumbani, wakafika getini Ruiru. Miili haikutambulika. Meneja alikuwa amenakili majina kutoka kitabu cha getini, jina moja tu kwa kila mtu na nambari ya kitambulisho, akabandika ukutani.

Ndung'u, 31475286.

Njambi alishika ukuta. "Maitu, mama yangu, ni yeye."

"Tulia. Akina Ndung'u ni wengi kama kahawa. Nambari ya mume wako unaijua?"

"Nani hukariri kipande cha mtu?"

Waruguru pia hakuikariri. Alichokuwa nacho ni kitendawili. Siku Ndung'u alipopata kitambulisho, alimkuta mama akimenya viazi, akamtegea: watu wanane wamebeba gogo, mmoja kulia, mmoja kushoto, na gogo halilali upande. Waruguru, aliyeishia darasa la saba, akashindwa, akampa mji kama ilivyo desturi. Ndung'u akacheka, akamwonyesha: jumlisha tarakimu ukiruka moja moja, kila upande ni kumi na nane, kwa hiyo kumi na moja inaigawa nambari nzima bila baki. Na zote pamoja ni thelathini na sita, basi hata tisa inaigawa.

Sasa kidole chake kilitembea juu ya karatasi. Tatu, nne, tano, nane: ishirini. Moja, saba, mbili, sita: kumi na sita.

"Gogo limelala! Njambi, huyu si wetu!"

Njambi alicheka huku machozi yakimtoka. Wamalwa, mlinzi wa geti, akasogea. "Shosh, nyanya yangu, basi huyu ni wa nani? Hajauliziwa na mtu mwingine."

"Wa mama mwingine. Mungu amshike mkono."

Lakini mtoto wa shule hamalizi hesabu bila kuihakiki. Akazijumlisha zote. Thelathini na sita. Akarudisha kidole mwanzo wa nambari.

"Nini, maitu?"

"Tisa haijali nani amekaa wapi. Kumi na moja ndiyo huangalia viti." Akamgeukia mlinzi. "Baba, nitolee kitabu chenyewe cha getini. Pengine wawili wamebadilishana viti."

Wamalwa alikileta, akakifungua polepole. Kila kibarua huandika mwenyewe akiingia. Saba ile yenye mkato katikati Waruguru aliijua tangu daftari za Ndung'u za darasa la pili. Mwishoni paliandikwa sita, kisha nane. Meneja alikuwa amezigeuza. Mahali pa saa ya kutoka palikuwa peupe.

Alihesabu hata hivyo. Kumi na nane. Kumi na nane.

Njambi aliketi chini, kitenge kikamfunika uso.

"Pole, shosh," Wamalwa alisema.

"Siku ile nilishindwa," Waruguru alisema, kidole kikiwa bado juu ya ile saba. "Akaniambia, nipe mji. Miji yote hii, mimi nikampa Ruiru."