Droo Mbili za Patasi

Tangu mdogo wake anunue ile mashine ya kukatia viungo vya mbao, Patasi hakulala usingizi wa kueleweka. Alikuwa seremala mwenye msumeno mwembamba kiasi kwamba, kwa maneno yake mwenyewe, mbu akitaka kupita katikati ya meno yake ilibidi akunje mbawa. Kwa msumeno huo, na patasi iliyompa jina, alikata mikia ya njiwa: yale meno ya kwenye kona ya droo, membamba shinani na mapana nchani, ubao unamng'ang'ania mwenzake na msumari hauitwi. Droo moja ilimchukua asubuhi nzima. Mdogo wake, aliyeitwa Swichi kwa sababu ndicho kitu pekee alichogusa kazini, alimaliza droo kabla chai haijapoa, na meno yake yalilingana kama askari wa gwaride.

Wateja wakawa wanapita mbele ya karakana ya Patasi, wanaulizia afya ya mgongo wake, halafu wanaingia kwa Swichi. Mkewe aliapa kwamba siku moja mumewe alinuna hadi gundi ikaganda koponi.

Kilichomchoma hasa ni meza ya kazi ya marehemu baba yao, mbao nzito, jiliwa la chuma la kubania ubavuni, juu imejaa makovu ya msumeno. Mama alikuwa anahamia kwa binti yake, ambako hakuna nafasi ya meza hiyo, na meza ilikuwa moja, wana wawili. Akaomba kabati la droo nne, kila mmoja amtengenezee mbili.

"Yule ambaye nitamkuta baba yenu ndani ya kazi yake," alisema, "huyo aibebe meza."

Macho ya mama yalikuwa yamefifia, lakini kwa miaka thelathini alipiga msasa kila droo iliyotoka mikononi mwa mumewe. Kidole gumba chake kilisoma kona ya droo kama wengine wanavyosoma gazeti. Kila mtu akajua meza imeshapata mwenyewe, yule wa msumeno. Kila mtu, isipokuwa Patasi.

Yeye alienda kwa jirani kwa kisingizio cha kuomba maji, akachomoa droo ya kabati lililotoka kwa Swichi, akahesabu: tisa, tisa, tisa. Unene sawa, nafasi sawa, wala hakuna mkwaruzo wa mstari wa kukatia, ule ambao seremala huuchora kwa ncha kabla ya kushika msumeno. Roho ikamuuma. Akaona mama atashika ulaini ule na kusahau kila kitu. Basi akakata kigezo cha bati, akachora meno tisa yaliyolingana, akayakata kwa siku sita, kisha akapiga msasa hadi mstari, ule ambao baba yake hakuufuta hata siku moja, ukapotea.

"Mume wangu," mkewe alimwuliza, "unachonga droo au unachora picha ya shemeji?"

Patasi akamjibu kwamba mambo ya mbao hayamhusu mke.

Siku ya kukabidhi, Swichi alifika na bandeji kidoleni. Patasi akafurahi kidogo, akidhani mashine imemuuma. Mama akapakata droo za Patasi kwanza. Kidole kikapita kona moja, kikapita nyingine, kikatulia. Akasema hizi ni za mashine, nzuri, hazina kosa, ahsante Swichi. Akapakata zile nyingine. Meno saba, moja nene, moja jembamba, mwanya mmoja umezibwa kwa gundi na unga wa mbao, na mstari umezunguka kona yote, umepinda kidogo. Mama akacheka peke yake, kama aliyeitwa na mtu wa zamani.

"Hizi ndizo. Patasi, mwanangu, mkono umetetemeka, lakini ni mkono."

Swichi akakohoa. "Mama, hizo ni zangu. Nilijua kwa mashine sipati meza, nikaazima msumeno."

"Na hizo za kwanza ni zangu," Patasi akasema. "Nimezikata kwa mkono, zote."

Mama akazirudia, kona baada ya kona, kwa muda mrefu, kama anayetafuta sindano iliyodondoka.

"Mkono wako uko wapi hapa, mwanangu? Mbona sikuoni?"

Angeweza kuomba ubao na kukata pale pale, na meza ingekuwa yake. Lakini angelazimika kwanza kusema alikuwa anamwiga nani, na huyo mtu alikuwa amesimama pale na bandeji yake, anamtazama kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyommaliza.

"Mpe huyo," akasema. "Mimi meza ninayo."

Wakaibeba wawili, Patasi upande wa jiliwa, ulio mzito, maana hata hapo hakutaka mdogo wake aonekane mwenye nguvu. Njia nzima alimsema: usiiweke juani, usimwagie mafuta, na lile dude lako lenye waya lisikanyage juu yake. Swichi akaitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka.

Walipoitua kwa Swichi, mwenyewe akabana kipande cha ubao, akachukua msumeno kama mtu anayeshika mwiko. Patasi akageuka aondoke. Mlangoni akasikia meno yakiuma ubao, upande wa mstari ambao sio, na hilo likamshinda kuliko wivu wenyewe.

"Lete hapa," akasema, akamsukuma pembeni. "Na usinitazame usoni. Tazama mkono."