Jipu la Josefina

Mama alianza kula amesimama. Nilipomuuliza kulikoni, akasema chakula hushuka vizuri zaidi hivyo. Binti yangu Phiona, ambaye humjibu kila mtu kwa Kiswidi, akasema, "Mormor sitter aldrig," yaani bibi hakai kamwe. Mimi sina muda wa mafumbo. Nilimfuata Mama bafuni, nikafunga mlango, nikamwambia nionyeshe. Alikuwa na jipu kwenye tako la kushoto, kubwa kama limau, na ngozi iliyolizunguka ilikuwa ngumu na ya moto. Na Mama ana kisukari.

"Hospitali," nikasema.

"Siendi. Daktari wenu wa hapa ni mtoto. Anaitazama kompyuta kuliko anavyonitazama mimi, halafu anasema kunywa maji. Daktari ni Matia."

Matia ni mume wangu, baba wa Aaron na Phiona. Mwaka ule, 2009, alikuwa anafanya kazi katika hospitali moja Masaka, Uganda, sisi tuko Upplands Väsby, Sweden, na ndoa yetu iko kwenye Skype. Tatizo ni kwamba Matia ni mkwe wa Mama. Kwetu Buganda mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ukivunja mwiko, wanasema, utapata obuko: utatetemeka mikono mpaka kaburini. Na Mama huzidisha. Tangu Matia anioe hajawahi kumsemesha mwenyewe. Kila neno lilipita kwangu. Leo amweleze habari za tako?

"Mwambie kuna mtu anaumwa," Mama akasema. "Josefina wa kanisani."

Josefina ni rafiki yake anayeishi Spånga, mwanamke mwenye afya ya trekta.

Jioni nikafungua kompyuta jikoni. Mama akasimama koridoni, nyuma ya mlango, ambako alisikia kila kitu lakini alisubiri nirudie.

"Baba Aaron, kuna mgonjwa hapa. Anaitwa Josefina. Ana jipu."

"Wapi?"

"Anapokalia."

Matia akasugua pua. Mume wangu si mjinga. "Huyo Josefina ana kisukari, kama Mama?"

"Mama, Josefina ana kisukari?"

"Mwambie kidogo," mlango ukajibu.

"Ana homa?"

"Mwambie Josefina si mtu wa kulalamika ovyo."

"Mwambie sikuuliza malalamiko. Nimeuliza homa."

Picha ikaganda, Matia mdomo wazi. Nikiwa nasubiri irudi, Mama akaniita kwa sauti ya chini. Nilimkuta ameshikilia ukuta, meno yanagongana, mikono inatetemeka.

"Unaona?" akasema. "Obuko. Nimeisikiliza sauti yake mno. Zima hiyo mashine."

"Mama, hiyo ni homa."

"Homa gani ya mikono? Shangazi yangu ilimpata hivihivi. Alimpa mkwe wake kikombe cha chai, mkono kwa mkono."

Nikarudi jikoni. "Josefina anatetemeka."

Utani wote ukamtoka Matia usoni. "Mama Aaron, sikiliza. Mpeleke hospitali sasa hivi, si kesho. Uchafu huo ukiingia kwenye damu ya mtu wa kisukari, tutazika."

Nikarudia neno kwa neno.

"Hospitali haitibu obuko," Mama akasema. "Josefina atakunywa maji."

Sijui kubembeleza. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria namna ya kumbeba, na Mama ananizidi uzito, Matia alipopaza sauti, si kwangu, bali kuelekea mlangoni.

"Sawa! Mwambie Josefina abaki nyumbani. Naomba ruhusa, napanda ndege, nakuja kumpasua mwenyewe. Kwa mikono yangu. Hapo hapo jikoni!"

Nikasikia zipu ya koti koridoni.

"Mbona umekaa tu?" Mama akaita, ameshavaa viatu. "Funguo za gari ziko wapi?"

Walimpasua jioni ileile. Daktari wa upasuaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kijeshi, aliniambia tungechelewa kidogo tu angekuwa na habari nyingine ya kunipa. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikapiga simu kazini, kisha nikampa Matia habari zote za "Josefina".

Kesho yake Josefina mwenyewe akaja wodini na matoke kwenye kopo la aiskrimu. Nilikuwa nampakulia Mama chakula, simu yangu ilipolia, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na mchuzi, Josefina akaipokea. Yeye si mkwe wa mtu.

"Haloo, daktari! Josefina hapa!"

Mama akafumba macho. Nikanyoosha mkono niichukue simu. Josefina akanigeuzia mgongo.

"Mimi? Naendelea vizuri sana, namshukuru Mungu... Nisikalie upande wa kushoto? Haya... Vidonge vyote nimalize... Hata kijiko kimoja cha sukari?" Akasikiliza muda mrefu, macho yanazidi kumtoka, kisha akaifunika simu kwa kiganja. "Mama Aaron, mumeo ni mzima kweli? Anasema ni heshima kubwa, kwamba leo hatimaye nimekubali kuzungumza naye mwenyewe. Na nadhani analia."

Nilimtazama Mama. Alikuwa amevuta shuka mpaka puani, kana kwamba Matia angeweza kumwona kutoka Masaka.

"Mwambie Josefina anashukuru," akasema ndani ya shuka. "Anashukuru sana."

Josefina akasema hivyo hivyo.

"Na mwambie asije."