Mtu Wake wa Same

Bei ya tangawizi huulizwa kwa simu. Hilo kila mtu hapa kwetu Mamba, huku milimani, analijua. Unampigia dalali, anakudanganya, unakata, unampigia mwingine. Kwa hiyo mume wangu Eliezeri alipoanza kushuka mjini Same kila wiki "kuulizia bei", amevaa shati la Pasaka na viatu alivyovipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe, nilijua ana lake jambo.

"Dalali gani huyo anayefuatwa na shati la Pasaka?" nilimuuliza.

"Biashara ni kuonana ana kwa ana, Mama Anderson."

Siku nyingine hakurudi kabisa. Alisema kakosa gari, kalala gesti. Alirudi kesho yake hana bei yoyote, uso umeiva kwa jua, viatu vimejaa vumbi, na anapiga mluzi. Babu mzima, mzee wa kanisa, anapiga mluzi akifungua zizi! Mimi Dorkas sikuolewa jana. Nilimpa chakula, nikakaa mbele yake, nikawa namtazama anavyotafuna.

Halafu simu. Anderson wetu aliyeko Dar alimtumia simu kubwa ili aone picha za wajukuu. Kabla ya hapo simu ya mume wangu ilikuwa inazagaa popote, hata juu ya debe la pumba. Hii mpya akaifunga kwa mchoro, na akiifungua anakinga kioo kwa kiganja kama mwanafunzi anayeficha majibu. Mtu hafichi picha za wajukuu.

Haya yote ningeweza kuyameza. Kilichonishinda ni msaragambo.

Kwetu ukikosa harusi ya mtu utasamehewa. Ukikosa msaragambo, yaani kazi ya kijiji ambayo kila nyumba lazima itoe mtu, huna pa kuficha uso. Siku hiyo pembe ilipulizwa asubuhi tukazibue tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Asiyefika bila msiba wala ugonjwa hupoteza zamu yake ya maji. Eliezeri hakuwahi kukosa tangu ujana wake. Yeye ndiye huwa wa kwanza kuingia topeni, na ndiye huwasema wanaochelewa. Aliisikia pembe, akakaa kitandani kidogo akishika kichwa, kisha akainuka akavaa lile shati.

"Unakwenda wapi?"

"Nitawahi kurudi."

Nilikwenda kwenye ndiva peke yangu. Wakati huo kijiji kilikuwa kinahesabu mwanamume kama mwakilishi wa nyumba yenye mwanamume mzima, kwa hiyo jasho langu halikuhesabika. Agatha, mke wa Mzee Wilbard, akaniuliza shemeji yuko wapi. Nikasema anaumwa tumbo, hata kichwa kukiinua hawezi. Sijamaliza kusema, gari la Same likapita barabara ya chini, na mgonjwa wangu amekaa kiti cha mbele, amechana nywele. Watu wote waliona. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Zamu yetu ya maji ikapewa jirani. Tangawizi ikaanza kujikunja majani. Nikajiuliza, mkulima anaacha shamba lake likauke kwa ajili ya nini? Jibu nililolipata lilikuwa moja tu, na lilivaa gauni.

Jibu hilo lilipiga simu lenyewe. Eliezeri alikuwa anaoga, simu ikaita, nikapokea bila kusema neno. Sauti ya kike, laini, ya watu wa mjini kule chini, ikasema: "Mzee, kesho usichelewe. Kiti chako nimekuwekea kivulini." Ikacheka, ikakata.

Nilikwenda kwa Mzee Wilbard, mzee mwenzake wa kanisa, siku ileile. Sikwenda kwa hekima, nilikwenda kwa hasira, kandambili mguu mmoja imekatika. Wazee wa kanisa wakamwita mwenzao. Nami nikaitwa, nikakaa pembeni. Wilbard, aliyelelewa naye pamoja, akamuuliza kwa upole, "Eliezeri, ndugu yetu, una mtu huko Same?"

Mume wangu akatazama sakafu.

"Ukisema huna, tutakuamini," Wilbard akaongeza.

Ninyi hamjui nilivyomwombea wakati ule. Mimi ndiye niliyemshtaki, na mimi ndiye niliyekuwa naomba moyoni akatae. Angesema "sina" ningemwamini, hata kama ni uongo. Akasema, "Nawaomba msiniulize." Basi. Mchungaji akamvua uzee wa kanisa, akamwambia asikaribie Chakula cha Bwana mpaka atakapotubu, na Jumapili akae benchi la nyuma. Eliezeri akaitikia kwa kichwa. Tukarudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma, na wiki ile sikumpikia.

Na unadhani aliacha? Alivaa shati akashuka tena.

Hapo niliamua kwenda kuiona sura ya huyo mwanamke aliyemfanya mume wangu atupe maji, uzee na meza ya Bwana. Nilimwacha apande gari, nikakodi bodaboda. Nilifika Same nina vumbi mpaka kwenye kope, nikajitanda kanga usoni, nikamsubiri stendi. Alishuka. Hakuuliza dalali wala duka. Alikata moja kwa moja kuelekea stesheni ya reli, nami nikamfuata kwa mbali nikijifanya natazama nyanya za watu.

Stesheni hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na mlinzi, kijana mrefu, ambaye alipomwona alianza kutikisa kidole kabla hajafika.

"Shikamoo mzee. Nilishakwambia. Huku ndani hakuna kupiga picha bila kibali. Wezi wa vyuma chakavu wanatumaliza hapa, na wote wanaanza hivihivi, wanakuja kuchungulia."

"Marahaba. Nimezeeka hivi nikang'oe reli?"

"Wanaokuja kuchungulia huwa hawafanani na wezi. Na relini usikanyage, nitaadhibiwa mimi."

Nikashangaa. Picha ya nini? Anampiga nani picha? Eliezeri akaondoka bila kubisha, akaenda kwenye kivuko ambapo barabara inakata reli. Nikajibanza kwenye kibanda cha muuza mkaa. Mume wangu alisimama pembeni, mbali na vyuma, akatoa simu, akaielekeza huku na huku. Muuza mkaa akashika kiuno.

"Karudi yule mpimaji," akasema, akiniambia mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu. "Ukimwona huyo ujue X nyekundu zinafuata. Anapima nyumba zetu kwa simu, ili zibomolewe."

"Una uhakika ni mpimaji?"

"Dada, mtu gani mwenye akili anasimama juani apige picha reli tupu?"

Nilitaka kumwambia huyo ni mkulima wa tangawizi na ni mume wangu, lakini sikuwa na uhakika tena na lolote. Wanawake wawili walikuwa wameshaanza kumzomea. Eliezeri akakunja mabega, akaondoka, na nilimwonea huruma kidogo kabla sijakumbuka kwamba namfuata kwa ubaya.

Ng'ambo ya barabara, palipoinuka, pana mgahawa wenye baraza pana. Mwanamke akatoka akifuta mikono. Mdogo kwangu kwa umri, mtandio wa kijani, meno mazuri. Akacheka kicheko kilekile cha kwenye simu. "Shikamoo mzee, karibu kitini kwako!" Na kiti kilikuwepo kweli, kivulini. Mume wangu akakaa huku anatabasamu kwa namna ambayo hajawahi kutabasamu kwangu tangu mvua za vuli.

Nilivuka barabara ile sijui hata kama magari yalikuwepo.

"Huyu ndiye!" nilisema, na kanga ikaanguka. "Kumbe ndiye huyu! Simama, Baba Anderson, unitambulishe kwa mke mwenzangu!"

Wateja wakaacha chapati. Eliezeri akawa wa rangi ya majivu. Yule mwanamke hakurudi nyuma. Alinitazama juu mpaka chini, akavuta kiti kingine.

"Shikamoo mama. Mimi Mwanahalima, Mama Maua wanavyoniita. Mume wangu yuko jikoni anakaanga, nimwite?" Akaita, na jibaba moja likachungulia na mwiko. "Mzee wako anakuja kutazama treni."

"Kutazama nini?"

"Treni, mama. Hata mimi nilidhani mpimaji. Wiki za kwanza nilimpa chai ya bure na sambusa ili nyumba yangu airuke. Mpaka siku moja treni ya mizigo ikapita, nikamwona anavyoitazama. Nikajua huyu hana kazi na ofisi yoyote. Nikamwambia, mzee, stesheni wanakufukuza, kivukoni wanakuzomea, kule Kifaru mwenyekiti wa kijiji alikuweka chini ya ulinzi. Hapa ni kwangu. Reli iko kule, wewe uko huku, unaiona yote. Anayekunywa chai yangu atazame anachotaka. Nikisikia inakuja nampigia."

Nilimtazama Eliezeri. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kama pale mbele ya wazee. Ndipo ikaniingia. Hakuna mwanamke. Maji yangu, meza ya Bwana, machozi yangu ya wiki nzima, yote ni treni! Nikacheka. Nilicheka kwa furaha, Mungu ananiona, kwa vile mzigo ulivyonitoka. Lakini kilikuwa kicheko kikubwa, cha kujishika mbavu, na wateja nao wakanifuata. "Treni!" nikasema. "Mzee mzima, kama katoto! Treni!"

Kisha nikaona uso wake, nikanyamaza. Wengine walichelewa kunyamaza.

"Kwa nini hukuwaambia wazee?" nikamuuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Mwanamke wangemwelewa," akasema. "Kila mmoja wao anajua mwanamke ni nini. Treni wangenicheka mpaka siku ya kunizika."

"Na mimi je? Mkeo?"

Akawatazama wateja waliokuwa bado wanafuta machozi ya kicheko, akailaza simu mapajani. 

Honi ikasikika kutoka upande wa Makanya. Watu wa barazani wakageuka. Treni ikaja, ndefu, mabehewa ya mizigo yamebadilika rangi kwa jua, na vikombe vikaanza kulia juu ya meza. Mama Maua akasema, "Mzee, hiyo!" Eliezeri aliendelea kukaa na simu mapajani, kioo kimelala chini. "Inuka, Baba Anderson," nikamwambia. "Inapita. Piga." Hakuinuka. Behewa la mwisho likapita, na kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze nilitamani angekuwa na mwanamke. Mwanamke ningejua namna ya kumfukuza.

Kwenye gari la kurudi nilimwomba anionyeshe picha. Akasema utacheka. Nikasema sitacheka. Tulipoanza kupanda milima akaifungua bila kukinga kioo, akanipa. Zilikuwa nyingi mno. Nilizitazama zote. Ukweli, niliona vichwa vya treni na mabehewa, nyingine zimepinda, nyingine zina kidole chake. Nikamuuliza anapenda nini hasa.

"Inanifurahisha tu," akasema. "Reli ilikaa miaka bila treni, nyasi zikaota katikati. Nilidhani nitakufa sijaiona tena. Halafu ikarudi." Akatazama nje. "Usiwaambie, Mama Anderson."

"Yaani mimi nibaki mke aliyesalitiwa na wewe ubaki mzinzi? Kijiji kizima kinionee huruma?"

"Nakuomba."

Nilikasirika tena, na nilikasirika mpaka Jumamosi. Neno moja langu kwa Wilbard lingemrudishia uzee, na mimi lingenirudishia heshima yangu. Nililisema peke yangu jikoni nikilijaribu: hana mtu, anatazama treni tu. Na kila nilipolisema nilisikia watu wa Mamba wakicheka, na waliokuwa wanacheka walikuwa na sauti yangu.

Jumapili nikakaa upande wa wanawake, mahali pangu. Eliezeri alikuwa benchi la nyuma kabisa upande wa wanaume, peke yake, na shati la Pasaka. Agatha akaniegemea.

"Nasikia ulishuka Same. Ulimwona?"

"Mwanamke gani? Hayupo tena," nikasema. "Usimtafute."

Akanibana mkono kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko pilipili. Mchungaji akaita watu mezani. Wanawake wakaanza kusogea kwenye njia ya katikati, Agatha akanivuta twende. Niliinuka naye. Nilipofika katikati nikageuka nikawapa wote mgongo, nikatembea mpaka nyuma, nikaingia upande wa wanaume ambako mwanamke hakai, nikakaa kando ya mume wangu. Wilbard aligeuka kunitazama, na mkewe, na kanisa zima.

"Umekosa nini hata ukae huku?" Eliezeri akaninong'oneza.

"Sogea," nikamwambia.