Maneno Makubwa ya Mwalimu Hezroni

Usharika mmoja wa Chome ulipopata habari kwamba wageni wanne kutoka Marekani wangepanda mlimani kuutembelea, hakuna aliyeuliza mkalimani angekuwa nani. Mwalimu Hezroni si yupo? Alifundisha Kiingereza sekondari kule Same mjini, na kwa maoni yake mwenyewe, ambayo aliyatoa bila kuombwa, Upare nzima haikuwa na wa kumfikia. Maneno mafupi aliyaona ya watoto. Kwa nini mtu aseme "big" wakati "enormous" lipo na halilipiwi kodi?

Ibada ilikwisha salama, watu wakaingia ukumbini kula. Dorkas, shangazi yake Hezroni na mwenyekiti wa akina mama, alikuwa ameamka na jogoo wa kwanza. Palikuwa na mbuzi, kuku, ndizi za nyama, makande, na wali wa mchele wa Ndungu uliopandishwa kwa bodaboda kwenye ile barabara ya mawe. Meza ilijaa pomoni.

"Mwanangu Hezroni," Shangazi alisema huku akijifuta mikono kwenye khanga, "waambie chakula ni kingi, wale washibe."

Neno "plenty" lilimjia mdomoni. Akalimeza; hilo hata kidato cha kwanza wanalo. Akakohoa kidogo, akasema kwa sauti ya mtangazaji: "Our mother says the food is excessive!"

Wageni wakatazamana. Mama mmoja wa makamo aitwaye Carol akachota kijiko kimoja cha wali, na wenzake wakamwiga, kila mtu akipakua kama anayepimiwa dawa.

"Mbona wanadonoa?" Shangazi akanong'ona. "Kimeungua?"

"Wanaona haya tu, Shangazi."

"Basi waambie jikoni kipo cha ziada."

Cha ziada! Hezroni alifurahi, maana neno lake alikuwa nalo siku nyingi akilitafutia kazi. "Please," alisema, akifungua mikono kama askofu, "this food is superfluous!"

Mzee mmoja wa Kimarekani, aliyekuwa ameshika paja la kuku, alilirudisha kwenye sinia taratibu.

Sasa Shangazi alikunja uso. "Hezroni, hawa watu wana nini? Waambie tumepika kwa upendo usio na kipimo. Uwaambie vizuri!"

Jasho lilianza kumtoka. Akaona hapa panahitaji neno zito kuliko yote, akalitoa: "It is exorbitant!"

Carol akafungua mkoba wake, akamsogelea, na kumuuliza kwa sauti ya chini kila mgeni alipaswa kulipa kiasi gani.

Hapo masikio ya Hezroni yakapata moto. Neno hilo alilijua! Yeye mwenyewe aliwafundisha kidato cha nne kwamba ni la bei ya kukomoa, tena kwa mfano wa nyanya za msimu wa kiangazi. Akarudi nyuma kichwani, akayakagua mengine mawili. La kwanza halikusema chakula kimejaa tele. Lilisema kimepita kiasi hadi kukera. La pili halikusema kipo cha kuongeza. Lilisema hakina kazi hapo. Yote aliyajua. Ila yalikuwa marefu, na yeye urefu ulimtosha.

Angeweza kudanganya. Angesema Wamarekani wana masharti ya daktari, na ukumbi mzima ungeamini. Lakini Shangazi alikuwa amesimama akilitazama sufuria lake kama mtu aliyetukanwa na ndugu. Hezroni akavuta pumzi, akamweleza Carol kwa Kiingereza cha watoto kwamba amekosea, kwamba chakula ni kingi na kimepikwa kwa upendo, wale tafadhali. Carol alicheka mpaka akashika meza. Kisha Hezroni akamgeukia Shangazi na kumwambia kila kitu, mbele ya watu.

"Kwa hiyo," Shangazi aliuliza polepole, "umewaambia chakula changu kinakera, hakihitajiki, na kinaumiza mfuko?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa maneno matatu tu?"

"Matatu."

"Basi Kiingereza kweli ni lugha ya mkato!"

Ukumbi uliangua kicheko, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote, baada ya aibu kumpungua, alikuwa Hezroni mwenyewe. Shangazi akashika upawa na kuwapakulia wageni kwa mkono wake. Yule mzee alipata paja lake, na la pili juu yake.

Jioni, kabla ya gari kuteremka, mchungaji alisimama kuwaaga. Alitoa shukrani ndefu yenye vipengele saba, akagusia misitu ya Shengena, mvua, na safari ya wana wa Israeli. Alipomaliza, wote wakamtazama mkalimani.

"He says thank you," Hezroni alisema. "Come again."

Wageni wakaitikia amina. Mchungaji akamtazama kwa jicho la pembeni, lakini Hezroni alikuwa ameshaanza kubeba mizigo yao kuelekea garini.